Mali Bila Daftari: Vitabu vya Biashara Vikae Miaka Mingapi?



Katika safari zetu za kutembelea vikundi upande wa Kitale na upande wa Bungoma, kuna swali moja ambalo tumeulizwa karibu kila mahali. "Sisi tunaandika vizuri. Tuna kaunta buku ya mauzo, tuna kitabu cha mikopo, tuna risiti. Lakini vitabu vikijaa, tuviweke mpaka lini? Nyumba ni ndogo, na panya ni wengi."

Ni swali zuri. Semina nyingi hufundisha namna ya kuandika hesabu, lakini hazisemi kitabu kikishajaa kiende wapi. Kila kikundi basi hufanya kivyake. Wengine huweka kila karatasi mpaka mchwa waile. Wengine huwashia moto jikoni. Tumeonelea tulijibu swali hili kwa urefu kidogo, na tunaanza na habari moja ya kweli ambayo ilitusikitisha.

HABARI YA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi hiki kiko kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Hatutataja jina lake, maana wenyewe walitukubalia tuseme habari lakini si majina. Ni akina mama kumi na tisa. Walikuwa na mashine ya kusaga unga, na faida yake pamoja na michango ya kila mwezi walikuwa wakikopeshana. Mweka hazina wao alikuwa mwaminifu, na kitabu chake kilikuwa safi. Sisi wenyewe tulikiona.

Mwaka mmoja vitabu vya zamani vikawa vimejaa kona nzima ya nyumba yake. Mkutano ukakubaliana, bila hata kuandika uamuzi huo, kwamba vitabu vya zaidi ya miaka miwili havina kazi tena. Mama mmoja mwenye kibanda akavichukua, na kurasa zake zikafungia watu mandazi mpaka zikaisha.

Miezi minane baadaye mwanachama mmoja akafariki. Baada ya matanga, binti yake alikuja kwenye mkutano akiwa na kadi ya mama yake. "Mama zangu," akasema, "kadi hii inaonyesha mama alikuwa na akiba ya shilingi 31,400. Tunaomba itusaidie na karo ya wadogo wangu."

Akina mama wakatazamana. Wengi walikumbuka kwamba marehemu alikuwa amechukua sehemu kubwa ya pesa hizo miaka mitatu nyuma, wakati upepo ulipong'oa paa la nyumba yake. Mweka hazina alikumbuka hata siku yenyewe. Lakini ukurasa ambao marehemu alitia sahihi ulikuwa umekwenda na mandazi. Kwenye kadi nako hakukuandikwa kitu, kwa sababu siku ile marehemu hakuja na kadi.

Yule binti hakuwa mwongo. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Mweka hazina naye hakuwa mwizi. Lakini maneno yakaanza kutembea sokoni, kwamba pesa za yatima zimeliwa. Mwishowe mama yule akauza mtamba wake na kulipa pesa yote, ili jina lake lisafike. Alilipa deni ambalo halikuwako. Kisha akaacha kazi ya uweka hazina, na mara ya mwisho tulipowatembelea walikuwa bado wanatafuta mtu wa kukubali kazi hiyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeona sasa kwamba hata jina zuri la mtu hupotea hivyo hivyo.

JIULIZENI MAMBO MAWILI

Watu wengi hutaka tuwape hesabu moja tu ya miaka. Tutawapa, msiwe na wasiwasi. Lakini kwanza mwelewe mambo mawili, kwa maana ukiyaelewa hayo hutahitaji kukariri orodha.

La kwanza: kila karatasi, jiulize, nani anaweza kuja kuniuliza juu ya jambo hili, na sheria inamruhusu kuuliza mpaka lini? Anaweza kuwa mtu wa ushuru. Anaweza kuwa mtu mnayedaiana, au mfanyakazi wenu wa zamani, au mtoto wa mwanachama. Karatasi inawekwa kwa ajili ya huyo mtu, si kwa ajili ya kujaza sanduku.

La pili: miaka haihesabiwi tangu siku karatasi ilipoandikwa. Huhesabiwa tangu jambo lenyewe lilipofika mwisho wake. Hapo ndipo wengi hukosea. Risiti ya kununua mashine ya kusaga inaweza kuwa na miaka kumi, na bado ni changa, kwa sababu mashine bado ni yenu. Mkataba wa mfanyakazi wa mwaka wa 2012 bado una kazi ikiwa mtu huyo bado yuko kazini.

Sasa tuwaangalie watu hao mmoja mmoja.

MTU WA USHURU: MIAKA 5

Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inasema kwamba mwenye kufanya biashara aweke hati zake za hesabu kwa miaka 5. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa mwisho wa kipindi ambacho hati hizo zinahusu. Kama mwaka wenu wa hesabu huisha Desemba, basi kitabu cha mwaka 2021 kinawekwa mpaka tarehe 31 Desemba 2026. Hata ukurasa wa Januari 2021 unangojea tarehe hiyo hiyo.

Kuna mambo mengine ambayo ni vizuri myajue.

Kwanza, ikiwa kuna kesi au ubishi wa kodi ambao haujaisha, vitabu visiguswe mpaka uishe, hata kama miaka 5 imepita.

Pili, kwa mtu aliyeficha mapato kwa makusudi, hakuna ukomo wa miaka. Mamlaka ya ushuru, KRA, inaweza kurudi nyuma kadiri inavyotaka. Kuchoma vitabu hakumwokoi mtu kama huyo.

Tatu, sheria inataka hesabu ziandikwe kwa lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo. Kwa hiyo msione haya kuandika kitabu chenu kwa Kiswahili. Hakuna anayewadai Kiingereza.

Nne, ukibishana na KRA juu ya kodi, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Wao wakisema uliuza kiasi fulani na wewe useme sivyo, wewe ndiwe unayetakiwa kuonyesha.

Wengine husema, "Aah, sisi ni wadogo, nani atatuuliza?" Haya, tufanye hesabu. Chini ya Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25 hulipa kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Milioni 1 inasikika kuwa pesa nyingi. Lakini igawe kwa siku 365, unapata kama shilingi 2,740 kwa siku. Duka la kawaida la pale sokoni Kiminini au Chwele, lenye sukari, mafuta ya kupikia na unga, linaweza kufikisha hapo bila mwenyewe kujua. Na kama hulifikishi, utaonyeshaje kwamba hulifikishi? Ni kwa kitabu tu.

Neno kwa waweka hazina ambao hupokea michango kwa simu zao wenyewe. Pesa za watu ishirini zikipita kwa laini yako kila mwezi, mtu asiyejua anaweza kudhani ni mapato yako wewe. Kitabu cha kikundi ndicho kinachoonyesha kwamba pesa hizi ziliingia kwako zikiwa za wengine, na zikatoka zikaenda kwa wenyewe. Kitunze kama unavyotunza kitambulisho chako.

MNAYEDAIANA NAYE: MIAKA 6

Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22 ya sheria za Kenya, inampa mtu miaka 6 ya kwenda kortini kwa sababu ya mkataba uliovunjwa. Mkopo ni mkataba. Kuuziwa bidhaa kwa deni ni mkataba. Kwa hiyo karatasi za ushuru zaweza kuwa zimemaliza miaka yake 5, na bado mwenye duka la jumla akaja mwaka wa sita kusema hukumlipa.

Miaka hiyo 6 huhesabiwa tangu siku deni lilipotakiwa kulipwa likakosa kulipwa. Tuseme kikundi kilimkopesha mtu shilingi 20,000, naye alitakiwa kumaliza tarehe 30 Juni 2019. Asipolipa chochote, mna mpaka mwisho wa Juni 2025 kumshtaki. Lakini sikilizeni hapa. Kama mwezi wa Machi 2022 alileta shilingi 2,000, au aliandika barua na kutia sahihi kwamba anakiri deni, basi hesabu inaanza upya siku hiyo, na itafika Machi 2028. Ukurasa mmoja wa malipo ya shilingi 2,000 waweza kuokoa shilingi 18,000. Mkiupoteza, mmepoteza vyote.

Hata aliyelipa anahitaji karatasi. Mama mmoja anayeuza nafaka na omena soko la Chwele alituambia habari yake. Mtu aliyekuwa akimletea mzigo alikuja baada ya miaka minne akadai shilingi 38,000. Mama hakubishana naye. Alimkaribisha chai, akaingia ndani, akafungua sanduku la bati na kutoa bahasha ya mwaka ule. Risiti ilikuwamo. Yule mtu akaitazama, akaomba radhi, akasema ni karani wake aliyekosa. Walimaliza chai na biashara yao inaendelea mpaka leo. Karatasi ile ililinda pesa, na ililinda pia urafiki.

Mambo yakifika kortini, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kusikizwa katika Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Huko si lazima uwe na wakili. Lakini hata bila wakili, huwezi kwenda mikono mitupu.

MNUNUZI WA MAZAO

Wakulima wa kwetu hawajasahau mwaka wa 2018. Watu wengi wa Trans Nzoia na kaunti jirani walikuwa wamepeleka mahindi kwenye maghala ya NCPB, wakati bei ilikuwa shilingi 3,200 kwa gunia la kilo 90. Wakakaa miezi mingi bila malipo. Ilipojulikana kwamba kuna wafanyabiashara waliopitisha mahindi yao pale kana kwamba ni wakulima, serikali ilisema wanaodai wahakikiwe kwanza kabla ya kulipwa. Mtu aliyelima kwa jasho lake alijikuta anatakiwa kuonyesha kwamba yeye ni mkulima kweli.

Katika shida kama hiyo neno la mdomo halitoshi. Karatasi ya mizani, risiti ya kupokelewa mzigo, risiti ya mbolea na mbegu, mkataba wa kukodi shamba: hizo zote zikiwa pamoja zinasema kwa sauti moja kwamba mahindi haya yalitoka kwa huyu. Ni vivyo hivyo kwa miwa na kwa kahawa. Malipo yakichelewa, na hucheleweshwa mara nyingi, usitupe karatasi ya kupeleka mzigo kwa sababu imechakaa. Iweke mpaka ulipwe shilingi ya mwisho, halafu anza kuhesabu miaka.

MFANYAKAZI: MIAKA 5 BAADA YA KUTOKA

Vikundi vingi vina kijana wa kusaga unga, mlinzi wa usiku, au msichana wa kuuza duka. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mwajiri aweke maandishi ya masharti ya kazi kwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuacha kazi. Tena inasema kwamba kesi ikifika kortini na mwajiri hana maandishi hayo, mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha yale mliyopatana. Msiseme "tulipatana kwa mdomo." Andikeni mshahara, siku za kupumzika na tarehe ya kuanza. Kila mara anapolipwa atie sahihi kitabuni. Akitoka, andikeni tarehe ya kutoka na mlichomlipa mwisho, naye atie sahihi tena.

ZISIZOCHOMWA KAMWE

Kuna karatasi ambazo hatushauri zichomwe, hata wajukuu wenu wakizikuta.

Ya kwanza ni hati ya ardhi na karatasi zote za kununua ploti. Sheria ile ile ya Sura ya 22 inampa mtu miaka 12 kudai ardhi. Mkataba wa kununua, risiti za malipo, na kibali cha bodi ya ardhi kama ni shamba, zote zikae pamoja. Isitoshe, mkija kuuza ploti ya mjini mnaweza kutakiwa kulipa kodi ya faida iliyopatikana, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Faida ni bei ya kuuzia, ukitoa bei ya kununulia na gharama za kuiboresha. Kama hamna risiti za zamani, mtaonyesha nini? Baada ya kuuza, ziwekeni bado, kwa maana sasa ndipo miaka ya ushuru inapoanza.

Ya pili ni karatasi za mashine na vitu vikubwa. Hizo ziwekwe muda wote mkiwa navyo, kisha miaka 7 baada ya kuviuza.

Ya tatu ni katiba ya kikundi, cheti cha usajili, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano. Tangu mwaka 2022 vikundi vyetu viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Cheti cha zamani kikiisha muda msikitupe. Ndicho kinachoonyesha mlianza lini na mlikuwa akina nani.

Ya nne ni kitabu cha benki, hata cha akaunti mliyoiacha. Chini ya sheria ya 2011 juu ya mali ya fedha isiyodaiwa, pesa zilizolala benki bila kuguswa kwa miaka 5 hupelekwa kwa mamlaka maalum ya serikali inayozitunza. Hazijapotea, mnaweza kuzidai. Lakini lazima mwonyeshe kwamba ni zenu. Tumekutana na vikundi viwili ambavyo viongozi wake wa kwanza walihama au kufariki, na waliobaki hawajui hata akaunti ilifunguliwa tawi gani.

Ya tano ni rekodi ya akiba na hisa za kila mwanachama. Hiyo ikae muda wote akiwa mwanachama. Akitoka au akifariki, ikae mpaka yeye au watu wake walipwe na kutia sahihi, kisha miaka 7 zaidi. Kama akina mama wale wa barabara ya Webuye wangefuata jambo hili moja tu, mtamba ule ungekuwa sasa ng'ombe wa maziwa.

USHAURI WETU: SEMENI MIAKA 7

Tunajua si rahisi mweka hazina kukumbuka 5 hapa, 6 pale. Kwa hiyo sisi tunashauri kanuni moja. Karatasi zote za kawaida za biashara ziwekwe miaka 7 tangu mwisho wa mwaka wake. Miaka 7 inamaliza 5 ya ushuru na 6 ya madeni, na inaacha mwaka mmoja wa kupumulia.

Kwa ufupi:

1. Kitabu cha mauzo, cha manunuzi, risiti, karatasi za benki na za simu: miaka 7.
2. Kitabu cha mikopo: miaka 7 tangu mkopo wa mwisho ulioandikwa humo ulipomalizika kulipwa.
3. Karatasi za mfanyakazi: miaka 7 tangu alipotoka.
4. Karatasi za mzigo ambao haujalipwa: mpaka mlipwe, kisha miaka 7.
5. Ardhi, katiba, cheti, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano: zisichomwe.

Njia rahisi ya kutosahau ni hii. Siku mnapofunga kitabu cha mwaka, andikeni kwa kalamu nene kwenye jalada: MWAKA 2021. KISICHOMWE KABLA YA JANUARI 2029. Atakayekuwa mweka hazina mwaka huo, hata kama leo yuko darasa la sita, atajua la kufanya.

MCHWA, PANYA NA JOTO

Kuweka miaka 7 hakuna maana kama karatasi hazitasomeka. Haya ndiyo tuliyoona yakifaa.

Tumieni sanduku la bati lenye kufuli, na liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta kidogo. Mchwa hupanda kwa ukuta na kwa sakafu ya udongo. Lichungulieni kila mwezi. Msiliweke jikoni kwenye moshi wala chini ya paa linalovuja.

Kila mwaka uwe na bahasha yake kubwa, na ndani risiti zifungwe kwa miezi. Mtu asitumie saa nzima kutafuta risiti moja.

Andikeni kwa biro, si kwa penseli. Mkikosea, pigeni mstari mmoja, andikeni sahihisho kando na kutia sahihi. Msifute kwa wino mweupe, maana aliyefuta hushukiwa hata kama hana kosa.

Tahadhari juu ya zile risiti nyororo zinazotoka kwa mashine za supamaketi na vituo vya mafuta. Hazikuandikwa kwa wino. Karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto, na kwa hiyo jua na joto huyafuta maandishi. Baada ya mwaka mmoja au miwili unabaki na karatasi nyeupe. Itoeni fotokopi siku hiyo hiyo au wiki hiyo, mzibane pamoja. Msizipeleke kutiwa plastiki kwa moto, zitageuka nyeusi zote. Ile risiti ya mama wa Chwele ilikuwa ya aina hii, na ya kwanza ilikuwa imefutika kabisa. Fotokopi ya shilingi chache ndiyo iliyomsaidia.

Kuhusu simu: tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ujumbe wa simu umekuwa risiti yetu. Lakini simu huibwa, huanguka majini, na ujumbe hufutwa na watoto. Ombeni taarifa ya malipo angalau kila miezi mitatu, ichapishwe na iwekwe katika bahasha. Tena pigeni picha kurasa za kitabu kila baada ya mkutano, na wanachama wengine wawili wawe nazo. Picha ni msaidizi. Haichukui mahali pa kitabu.

SIKU YA KUCHOMA

Kuweka kila kitu milele nako si kuzuri. Vitabu vyetu vina namba za vitambulisho na za simu za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki habari za mtu ziwekwe kuliko inavyohitajika. Fikirieni tu, namba yako ya kitambulisho imefungia mtu mandazi stendi ya Kitale.

Kwa hiyo karatasi zikimaliza miaka yake zichomwe, lakini kwa utaratibu. Mwezi wa Januari mweka hazina alete orodha ya vinavyofikia mwisho. Mkutano uangalie kwanza: je, kuna deni ambalo halijalipwa humu? Kuna kesi? Kuna marehemu ambaye watu wake hawajalipwa? Kama lipo, kitabu kirudi sandukuni. Kama hakuna, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu, orodha itiwe sahihi na watu watatu, na vitabu vichomwe mbele yao mpaka viwe majivu. Orodha ile isichomwe. Mtu akiuliza baadaye, mtaonyesha kwamba hamkuficha kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Vitabu vyetu vya zamani viko wapi leo? Nani ana ufunguo, na akisafiri nani mwingine anao?
2. Je, kila mwanachama amewahi kulinganisha kadi yake na kitabu cha kikundi? Mara ya mwisho ilikuwa lini?
3. Mweka hazina wetu akishtakiwa kesho kwa jambo la miaka mitatu iliyopita, tuna karatasi gani ya kumtetea?
4. Ni nani wanaotudai, na ni nani tunaowadai, ambao miaka yao 6 inakaribia kuisha?
5. Tutanunua sanduku la bati kwa pesa gani, na litakaa nyumbani kwa nani?

Tunawaomba mkimaliza mkutano huo msiishie kwa maneno. Twaeni vitabu vyote mlivyo navyo, vipangeni kwa miaka sakafuni, na muandike jalada la kila kimoja mwaka wa kuchomwa. Ni kazi ya alasiri moja. Fanyeni pamoja na mweka hazina wenu, msimwachie peke yake, maana siku watu watakapouliza, yeye ndiye atakayesimama mbele.